Masizi kwenye maganda ya risasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yanatoka kwa wamiliki wa silaha wenye leseni: wakulima wa mahindi wanaopambana na nguruwe pori, walinzi wa mashamba ya chai Mufindi na Rungwe, wafugaji wa Usangu, na wachache waliorithi bunduki ya babu kwa kufuata taratibu zote za polisi. Karibu wote huanza vilevile: "Maganda yangu yanatoka meusi, bunduki imeharibika?" Jibu hutegemea weusi umekaa sehemu gani ya ganda. Wingi wake ni jambo la pili.

## Mambo ya kwanza

1. Masizi haya yanatoka wapi hasa?

Ndani ya risasi nzima kuna vitu vinne: ganda, fataki iliyopachikwa kitakoni, baruti, na kichwa cha risasi kinachoruka. Pini ya bunduki inapogonga fataki, baruti huwaka na kutoa gesi yenye moto mkali na nguvu kubwa. Gesi hiyo husukuma kichwa cha risasi mbele, na papo hapo hulitanua ganda mpaka likabane na ukuta wa chemba (chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa), kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyojaa tairi unapopigwa pampu. Ganda likishabana, gesi haina pa kurudia nyuma. Presha ikishuka ganda husinyaa kidogo, ndiyo maana unaweza kulitoa bila kulipiga nyundo.

Masizi ni alama ya gesi iliyopenya kabla ganda halijabana, au iliyopenya kwa sababu halikubana kabisa. Gesi hiyo hubeba kaboni na mabaki ya fataki, na hayo huganda nje ya ganda.

2. Kwa hiyo ganda safi kabisa ndiyo dalili ya afya?

Si lazima. Risasi yenye presha kupita kiasi hutoa ganda safi linalong'aa huku fataki ikiwa imesagika bapa na bolti (kile kifungio cha nyuma ya chemba) ikigoma kufunguka. Hiyo ni hatari kuliko ganda lenye shingo nyeusi. Usiwahi kufurahia usafi wa ganda kabla ya kuangalia kitako chake.

3. Nalikagua vipi ganda?

Kwanza hakikisha bunduki haina risasi, kwenye chemba na kwenye magazini. Kisha okota maganda matatu au manne ya risasi za aina moja, kwa sababu ganda moja peke yake linaweza kukudanganya. Nenda kwenye mwanga wa jua. Anza na mdomo wa ganda, shuka shingoni, begani (pale shingo inapopanuka), mwilini, malizia kitakoni. Lizungushe polepole kwa vidole uone kama weusi umezunguka pande zote au umelalia upande mmoja. Futa kwa kitambaa kikavu: masizi ya kawaida hutoka, au hubaki kivuli cha kahawia. Mstari mweusi unaobaki baada ya kufuta mara mbili huenda ni ufa. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, ni ufa.

4. Mbona risasi za jirani yangu hazichafuki kama zangu, na sote tunatumia bunduki nzuri?

Huenda aina za risasi zenu hazifanani. Kwa viwango vya SAAMI, chombo cha viwango vya risasi cha Marekani, risasi ya .308 inaruhusiwa kufika pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, na .375 H&H Magnum ni hizohizo 62,000. Ya .303 British ni 49,000. Ile ndogo ya .22 ni 24,000, na ya shotigani ya kipimo cha 12 yenye ganda la kawaida ni 11,500 tu. Presha ikiwa ndogo, ganda hubanwa kwa uvivu na masizi huongezeka. Mwenye .22 asijilinganishe na mwenye .375.

Malighafi ya ganda nayo ina lake. Ganda la mchanganyiko wa shaba na zinki ni laini na hutanuka upesi. Ganda la chuma, linaloonekana sana kwenye risasi za 7.62x39, ni gumu, hutanuka kwa shida, hivyo hutoka na masizi hata bunduki ikiwa mpya.

## Masizi yako wapi?

5. Yako shingoni tu. Nifanye nini?

Usifanye lolote. Shingo ndiyo sehemu ya mwisho kupata utulivu, kwa kuwa kichwa cha risasi kinapoondoka hapo gesi hupita kwa muda mfupi sana. Weusi unaoishia shingoni, hata ukigusa bega kidogo, ni wa kawaida kwenye raifo nyingi.

6. Yameshuka begani mpaka katikati ya mwili wa ganda.

Hapa kuna la kuchunguza, ingawa bado si la kukutoa jasho. Sababu huwa mojawapo ya hizi, au mbili kwa pamoja.

Ya kwanza ni risasi dhaifu: baruti imezeeka, imekaa kwenye joto miaka mingi, au imepata unyevu. Dalili inayoandamana nayo ni punje za baruti ambazo hazikuungua, ambazo utazikuta ndani ya mtutu zikiwa kama mchanga mweusi au wa kijani kibichi. Mlio pia hupungua.

Ya pili ni chemba iliyolika au yenye kutu. Ukuta ukiwa na vishimo, ganda hubana kwenye vilima na gesi hupita mabondeni. Maganda ya chemba kama hiyo hutoka na mikwaruzo au vipele vinavyojirudia mahali palepale kwenye kila ganda. Linganisha maganda matatu. Alama ikikaa pamoja kwenye yote, tatizo ni la bunduki. Ikihamahama, tatizo ni la risasi.

Kipimo rahisi ni kutumia risasi za kiwanda kingine, mpya, za kipimo kilekile kilichochongwa kwenye mtutu. Masizi yakipungua, umepata jibu. Yasipopungua, ipeleke bunduki kwa fundi wa silaha mwenye kibali. Chemba ni sehemu ya kupimwa kwa vipimo maalumu, na jicho peke yake halitoshi.

7. Masizi yapo upande mmoja tu.

Ganda lilikuwa limelala sakafuni mwa chemba, na upande wa juu ukabaki na mwanya. Hilo hutokea kwenye bunduki nyingi zenye chemba yenye nafasi kidogo. Mara nyingine ni kile kikulabu cha kuvutia ganda kinachosukuma upande mmoja. Weusi wa upande mmoja unaoishia begani uuache kama ulivyo. Ukifika karibu na kitako, soma swali linalofuata.

8. Kuna duara jeusi kuzunguka fataki, kitakoni mwa ganda.

Acha kufyatua. Hapa sina la kukulegezea.

Gesi ikipenya pembeni mwa fataki, imetoka sehemu ambayo haikutakiwa kutoka kabisa, na uso wako uko sentimita chache nyuma yake. Huenda tundu la fataki limelegea, fataki imetobolewa na pini yenye ncha kali kupita kiasi, au presha ya risasi imezidi. Iangalie fataki yenyewe: kitundu kidogo katikati maana yake imetobolewa, ikiwa bapa kabisa bila ukingo wa mviringo, kuna presha kubwa, weusi wa pembeni bila dalili nyingine ni tundu lililolegea.

Angalia pia mahali pini inapotokea kwenye uso wa bolti. Gesi ya fataki iliyovuja hula chuma hapo na kuacha kovu dogo la duara. Kovu likiwa limechimbika, fundi aione bunduki kabla ya risasi nyingine yoyote. Risasi zilizobaki kwenye boksi hilo usimgawie mwenzako. Mwonyeshe muuzaji pamoja na ganda lenyewe.

Hii ndiyo sababu miwani ya kukinga macho si mapambo, hata kwa mtu anayefyatua risasi mbili kwa mwaka.

9. Kuna mng'ao wa duara, kama pete, juu kidogo ya kitako, na ndani yake weusi.

Ganda linakaribia kukatika. Kati ya uso wa bolti na mahali ganda linapozuiwa na chemba pana nafasi kubwa mno, kwa hiyo kila mlio unalivuta ganda na kulifanya jembamba hapo kwenye pete. Siku likikatika, nusu ya mbele hubaki ndani ya chemba na gesi hurudi nyuma.

Kwa wenye Lee-Enfield za .303, zile raifo za zamani za jeshi la Uingereza: tazama namba iliyochongwa kwenye bolti na ile ya mwili wa bunduki. Bunduki hizi zilikusanywa na kutengenezwa upya mara nyingi katika maisha yake, na bolti iliyotoka kwenye bunduki nyingine huweza kuleta tatizo hilihili. Namba zisipolingana si lazima pawe na hatari, lakini ni sababu tosha ya kuipeleka ikapimwe.

10. Mistari myeusi iliyonyooka kutoka shingoni kwenda chini, yenye nafasi sawa.

Kuna bunduki zilizochongewa mifereji ndani ya chemba kwa makusudi, ili gesi kidogo ilizunguke ganda na kulisaidia kutoka. G3 ya Kijerumani ni mfano unaojulikana. Kwenye hizo, mistari ni sahihi kabisa. Kwenye bunduki ya kawaida ya bolti hakuna mifereji hiyo, hivyo mstari mmoja ulionyooka ni mkwaruzo wa chemba au ufa wa ganda. Rudi swali la 3, kwenye kile kipimo cha ukucha.

## Shotigani

11. Maganda ya plastiki yanatoka meusi nje mpaka kwenye kikombe cha chuma.

Kwa presha ile tuliyoitaja kwenye swali la 4, masizi kidogo ni ya kutarajiwa. Yakiwa mengi, kwanza safisha chemba (swali la 18). Chemba ya shotigani hujenga tabaka la plastiki iliyoyeyuka pamoja na kaboni, na tabaka hilo huzuia ganda lisibane. Ukishasafisha, mengi huisha.

12. Mdomo wa ganda umechanika vipande vipande na umeungua.

Hakikisha urefu wa chemba yako. Shotigani za kipimo cha 12 zina chemba za milimita 65, 70 au 76, na namba hiyo huchongwa kwenye mtutu karibu na chemba. Mtego uko hapa: urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Risasi ya milimita 76 ikiwa bado imefungwa mdomo inaweza kuingia vizuri kwenye chemba ya 70, na mlango wa bunduki ukafungwa bila ubishi. Ikifyatuliwa, mdomo hufungukia kwenye sehemu ya mtutu inayoanza kubana, njia ya marisawa (punje zinazoruka) inakuwa finyu, presha inapanda. Ganda lenye mdomo wa matambara ndilo linalokusimulia hayo. Shotigani kuukuu za Ulaya, hasa zile za mitutu miwili, nyingi ni za 65. Nunua risasi kwa kusoma mtutu. Anayesema "nilikuwa natumia hizihizi" anakuambia habari za bunduki yake.

13. Nina risasi za kipimo cha 20 na cha 12 nyumbani. Kuna shida?

Shida kubwa. Risasi ya 20 ikitumbukizwa kwenye mtutu wa 12 huteleza na kukwama mbele ya chemba. Mtu anatazama, anaona chemba tupu, anaweka ya 12 nyuma yake. Mtutu hupasuka. Kwa sababu hiyo viwanda vingi hutengeneza maganda ya 20 kwa rangi ya njano. Ziweke kwenye makasha tofauti yenye kufuli tofauti, na usichanganye mifukoni hata siku moja.

## Hali ya hewa yetu na ghala

14. Baridi ya Makete na Kitulo inaongeza masizi?

Kidogo, ndiyo. Baruti iliyopoa huwaka polepole na presha hushuka. Asubuhi ya Juni au Julai, umande ukiwa umeganda juu ya nyasi za Kitulo, ganda la raifo ileile linaweza kuwa na weusi uliovuka shingo, kumbe mchana Usangu weusi huo haupo. Hapo hakuna ugonjwa.

Kinachoharibu bunduki zaidi ni kuiingiza kutoka kwenye baridi hiyo moja kwa moja jikoni penye moto. Chuma kilichopoa hutoka jasho mara moja, ndani ya mtutu na chemba ambako huoni. Ifute, iache ipate joto la chumba, halafu ifute tena na kuipaka mafuta kabla ya kuifungia kabatini. Kutu ya chemba nyingi za Njombe na Makete imeanzia hapo.

15. Je, mwinuko wa Mbeya unapunguza presha ndani ya risasi?

Hapana. Hewa ya Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, ina pauni 12 hivi kwa inchi ya mraba badala ya karibu 15 za pwani. Tofauti ya pauni 3 mbele ya makumi ya maelfu ni bure. Hewa nyepesi hubadilisha kidogo jinsi kichwa cha risasi kinavyoruka. Kwenye ganda haiachi alama.

16. Nahifadhi risasi ghalani pamoja na mbolea. Maganda yangu yanatoka na ufa shingoni, na masizi yamefuata ufa.

Swali hili lilistahili kuwa la kwanza kwa watu wa huku, maana ghala la mkulima wa Mbozi au Wanging'ombe lina kila kitu: mahindi, mbolea za UREA, CAN na SA, dawa za kunyunyizia, na kwenye kona kasha la chuma lenye risasi.

Mchanganyiko wa shaba na zinki una adui mmoja mkubwa, nayo ni amonia. Ganda linapotengenezwa kiwandani, chuma chake hubaki na mkazo ndani, hasa shingoni na begani. Amonia ikiambatana na unyevu hushambulia mahali penye mkazo na kufungua nyufa nyembamba, bila ganda kuguswa na mtu. Jeshi la Uingereza nchini India lililiona hilo zamani: risasi zilizohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi zilipasuka maganda msimu wa mvua za masika ya huko. Mwaka 1921 wanasayansi walieleza kwamba kisababishi ni amonia iliyokuwa ikitoka kwenye mkojo wa wanyama.

Sasa angalia ghala lako. UREA iliyolowa ikakutana na udongo au samadi hutoa amonia. SA ikigusana na chokaa ya shamba penye unyevu hutoa amonia pia. Banda la kuku wa mayai lililo ukuta mmoja na ghala hutoa amonia ambayo pua yako inaifahamu kila asubuhi. Harufu ukiisikia wewe, ganda limeshaipata.

Toa risasi ghalani. Ziweke ndani ya nyumba, mahali pakavu, kwenye kasha lenye kufuli, mbali na bunduki yenyewe na mbali na zizi. Zilizokwisha kukaa na mbolea kwa misimu kadhaa zikague shingo moja moja kwenye jua kabla ya kuziweka kwenye chemba. Yenye ufa haifyatuliwi, hata kama ndiyo ya mwisho na nguruwe wako mahindini.

17. Maganda ya risasi ambazo sijazitumia yamepata ukungu wa kijani. Zinafaa?

Kijani hicho ni kutu ya shaba. Ikiwa ni vumbi jepesi linalofutika kwa kitambaa kikavu na chini yake chuma ni laini, kwa kawaida hakuna madhara. Ikiwa imechimba vishimo, au imezunguka fataki, usiitumie. Usizisugue kwa msasa wala kwa dawa ya kung'arishia masufuria, maana dawa nyingine zina amonia, na hapo utakuwa umerudi swali la 16 kwa mkono wako mwenyewe.

Risasi mbovu hazitupwi mtoni wala hazichomwi pamoja na takataka. Zirudishwe kituo cha polisi kilichoandikisha silaha yako.

## Usafi

18. Chemba husafishwaje?

Watu wengi husafisha mtutu vizuri na kuisahau chemba, ambayo ni pana kuliko mtutu, kwa hiyo kitambaa kinachobana mtutuni hupita chembani bila kugusa ukuta. Tafuta brashi ya chemba, au funga kitambaa kinene kwenye fimbo mpaka kibane hapo. Chovya kwenye dawa ya kusafishia silaha, zungusha, acha dakika chache ilegeze kaboni, zungusha tena. Futa mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mwisho, mafuta mepesi ya silaha, kiasi cha kuacha utando tu, na utando huo ufutwe kabla ya kufyatua.

Pale inapowezekana ingiza fimbo kutokea upande wa chemba. Fimbo ya chuma inayoingizwa kwa mbele hukwangua mdomo wa mtutu, na mdomo ukiharibika shabaha huondoka.

19. Hatupati dawa hizo huku. Mafuta ya taa, dizeli, ya kupikia?

Mafuta ya taa hulainisha masizi na wengi hapa huyatumia. Yanafaa kwa kusafishia, hayafai kwa kulinda: yakikauka chuma hubaki uchi. Futa yote, paka mafuta ya silaha au ya mashine ya cherehani. Dizeli achana nayo. Mafuta ya kupikia yakikaa hugeuka ulimbo, na ulimbo huo hushika pini ya bunduki asubuhi ya baridi.

20. Nipake mafuta kwenye risasi ili maganda yatoke kirahisi?

Usithubutu. Ganda lililobana kwenye ukuta mkavu husaidia kubeba msukumo wa kurudi nyuma. Ukilipaka mafuta halishiki ukuta, na msukumo wote huangukia bolti. Juu ya hapo, mafuta huungua na kuacha madoa meusi utakayokuja kuyauliza kama masizi. Ganda likigoma kutoka, safisha chemba. Likiendelea kugoma, nenda kwa fundi.

21. Nimesafisha kwa mafuta mazuri, baada ya siku mbili kuna kutu.

Uliza kuhusu fataki. Risasi za kijeshi za zamani nyingi zilitumia fataki zenye klorati ya potasiamu, na ikiungua huacha chumvi ambayo ni ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo huvuta unyevu hewani, na kwa ukungu wa Mufindi au mvua za Tukuyu haihitaji siku nyingi. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu. Dawa yake ni maji ya moto: pitisha mtutuni na chembani, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Bolti nayo iloweshwe vivyo hivyo.

## Yasiyo ya kawaida

22. Mlio ulikuwa hafifu, "puf", na ganda limetoka jeusi tii.

Simama hapo hapo. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama mtutuni. Elekeza mdomo wa bunduki mahali salama, toa risasi zote, fungua au toa bolti, kisha angalia kama mwanga unapita mtutuni. Kama bunduki haifunguki kiasi hicho, ingiza fimbo taratibu na upime urefu wake kwa nje. Mtutu ulioziba ukifuatiwa na risasi ya pili hupasuka. Wengi waliopoteza vidole hivi walikuwa na haraka, mnyama akiwa bado anaonekana.

Kichwa kilichokwama hutolewa na fundi. Usijaribu kukisukuma kwa risasi nyingine.

23. Haikulia kabisa. Nifungue?

Subiri. Shika bunduki ikielekea mahali salama kwa angalau sekunde 30, maana fataki iliyolowa inaweza kuchelewa kuwasha baruti. Ndipo ufungue, uso ukiwa pembeni.

24. Ganda limetoka pana, shingo karibu haipo, na masizi kila mahali.

Umefyatua risasi isiyo ya bunduki hiyo. Mfano unaojulikana ni .308 ndani ya raifo ya .30-06: kichwa cha risasi kina unene uleule, lakini ganda ni la milimita 51 badala ya 63. Kikulabu hulishikilia, pini hugonga, na ganda hutanuka kujaza chemba ambayo si yake. Ukitoka salama, shukuru Mungu, kisha soma upya namba iliyo mtutuni na iliyo kitakoni mwa kila risasi uliyonayo.

25. Kuna mtu anajaza maganda upya kijijini. Yanatoka na masizi mengi, ni sawa?

Kujaza ganda ni kutengeneza risasi, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kiufundi pia hujui baruti gani imo wala kiasi gani. Usizinunue.

26. Na gobore? Hilo masizi yake ni makubwa kuliko yote.

Gobore halina ganda. Baruti hushindiliwa kwa mbele. Baruti nyeusi huacha mabaki mengi mno, moshi mzito mweupe na uchafu mweusi unaovuta maji. Bunduki za kijeshi nazo zilipita njia hiyo: Mauser za mfano wa 1871 walizobeba askari wa Wajerumani, wale waliokutana na Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, zilikuwa za baruti nyeusi. Hata .303 ilianza na baruti hiyo mwaka 1888. Magobore ya kuchongwa na mafundi wa vijijini ni suala jingine: yasiyoandikishwa ni silaha haramu, na bomba lake mara nyingi halikutengenezwa kubeba presha yoyote. Serikali imewahi kutangaza misamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari. Msamaha ukitangazwa, utumie.

27. Nimeokota ganda jeusi shambani kwangu na sijui nani alifyatua.

Usilifute, usilitie mfukoni. Masizi hayamtaji mtu, lakini alama za pini kwenye fataki na za kikulabu kwenye ukingo wa kitako hulinganishwa na wataalamu wa polisi na bunduki iliyolifyatua. Weka jiwe au kijiti pembeni upate kupaona, mwite mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, naye atawaita polisi.

28. Watoto wanachezea maganda, wanayapuliza kama filimbi. Yana madhara?

Ndiyo. Fataki nyingi zina mchanganyiko wa madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na mabaki yake yamo kwenye masizi hayo. Mtoto anayeweka ganda mdomoni anayalamba. Yakusanye baada ya kufyatua, na wewe mwenyewe nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika ugali. Kitambaa ulichosafishia bunduki kisirudi jikoni.

29. Nataka kununua bunduki iliyotumika. Naweza kuomba kuona maganda yake?

Omba, ni ombi la busara kuliko kuangalia rangi ya mbao. Muuzaji mwenye kibali akubali ifyatuliwe mahali panaporuhusiwa, kwa risasi mpya za kiwanda, na akupe maganda matano. Yapange mezani ukiyasoma kwa mpangilio wa swali la 3. Masizi ya shingoni, endelea na mazungumzo ya bei. Ya mwilini yenye mikwaruzo inayojirudia, punguza bei kwa gharama ya fundi, au ondoka. Ya kitakoni, ondoka. Na kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha polisi wameridhia uhamisho wa umiliki, kwa kuwa bunduki hununuliwa kwa kibali kwanza, fedha baadaye.